Bakuli la Samahani

Jumanne jioni, kiwanda kikishafungwa,
tulikutana katika chekechea ya zamani, Ozurgeti,
wachuma chai tisa, vidole vyeusi kwa utomvu,
tumekalia viti vya watoto wa miaka minne,
magoti yamepanda hadi kidevuni.

Lamzira hakuwa mwalimu wa kusomea.
Miaka ishirini na sita alitangaza treni stesheni:
ya Batumi imechelewa, ya Tbilisi inaingia njia ya pili.
Mji mzima uliijua sauti yake,
sura yake hakuna aliyeijua.
"Treni haiombi radhi kwa kufika," alisema,
akaweka bakuli mezani, na mfuko wa maharagwe makavu.
Kila samahani ya bure, haragwe moja.

Nilisimama wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango.
"Samahani, naitwa Tsiuri."
Ta.
"Samahani, sijui niseme nini."
Ta.
"Mniwie radhi, mimi si msemaji."
Akafikiri kidogo, akadondosha mawili.

Kwetu maneno ni ya wanaume.
Karamu ikiiva, kaka yangu Jemali hushika pembe ya divai,
huwasifu wafu, huisifu nchi, huwasifu wageni,
huwasifu na wanawake, ambao wako jikoni
wakigeuza mikate ya mahindi,
wakiyasikia majina yao kupitia ukutani.
Nami nilishazoea: kusifiwa nisipokuwepo.

Wiki ya tatu Nanuli alilia.
Wiki ya tano hakuja; mumewe alimuuliza,
unajifunza kumjibu nani?
Wiki ya sita akarudi. Hakueleza, hatukumchimba.
Usiku ule Lamzira alitupeleka stesheni, upepo unakata masikio,
akavuka reli, akasimama mwisho kabisa wa jukwaa:
"Sisikii! Vuta pumzi toka tumboni!
Usipige kelele. Nifikie!"
Nikatoa la kwanza lililonijia,
lile nililolimeza tangu Mei:
"Mizani ya kiwanda inaiba!"
Mbwa wa stesheni akaamka.
Hata mimi nilishtuka.

Kilo mbili kila gunia. Tulijua sote.
Nilipima nyumbani kwa mizani ya asali ya marehemu mama,
nikaandika nyuma ya kalenda, siku kwa siku.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa manispaa, kuta zinabambuka.
Meneja Otari alisoma hesabu zake akiziangukia haraka,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Nikainua mkono. Akatazama juu ya kichwa changu.
Nikasimama, mkono ungali juu.
Magoti yalicheza, ndiyo.
Lamzira hakutuahidi magoti. Alituahidi pumzi.

"Keti, mama, zamu yako itakuja."
"Imeshakuja," nikasema. "Nina miaka hamsini na mitatu."

Mtu akacheka, si kwa ubaya.
Nikasoma kalenda. Mei nne, kilo mbili. Mei tano, kilo mbili na robo.
Sikuwa mfasaha. Mahali pamoja nilirudia mstari,
mahali pengine nilinyamaza mpaka mtu akakohoa.
Nikasikia kiti kikikwaruza nyuma yangu: Nanuli.
Kisha Guliko. Kisha sikuhesabu tena,
nilikuwa nasoma Juni.

Mizani haijabadilishwa. Wameunda kamati,
nanyi mnazijua kamati.
Ila nimo ndani yake, na kalenda ninayo,
na Otari siku hizi hunitazama usoni, si utosini.

Jumanne iliyofuata Lamzira alilimimina bakuli sufuriani.
Alikuwa ameyaloweka tangu jana yake.
Tukazichemsha samahani zetu kwa kitunguu, giligilani
na jozi zilizotwangwa,
tukala mpaka viti vidogo vikalia.

Moja nililificha kabla halijalowekwa.
Limo mfukoni mwa aproni, gumu kama jino.
Siku nitakapokosea kweli,
nitahitaji la kulipia.